Jina na Kijiji

Arlette hakuwa mtu wa kambi wala wa barabara. Kazi yake ilikuwa ndani, katika nyumba ya matofali mtaani Nyakasanza, mjini Bunia, mezani karibu na dirisha, kwa sababu kompyuta yake ilikuwa ya zamani na ilishika joto upesi. Shirika lao dogo liliitwa Tuonane, na lilikuwa na shughuli moja tu: kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao katika kukimbia. Vijiji vya Djugu vilikuwa vinakimbia, vinarudi, vinakimbia tena, na kila mara alibaki mtoto aliyejikuta ameshika mkono usio wa mama yake.

Ukurasa wa mtandao wa Tuonane aliutengeneza Arlette. Mtoto akipatikana peke yake katika kambi, wakala wa pale alijaza fishi yake: picha, jina, kijiji, kambi, jina la mama kama mtoto alilijua. Fishi hiyo iliingia kwenye ukurasa. Mawakala wengine, kabla ya kutoka Bunia asubuhi, walifungua ukurasa kwa simu zao na kubonyeza mahali palipoandikwa “Pakua zote”. Fishi zote mpya ziliingia ndani ya simu, ili kule mbele, ambako hakuna rezo ya simu, wazazi waonyeshwe nyuso za watoto.

Wakala wa njia ya Iga Barrière alikuwa Fulgence, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya mwalimu. Na kweli alikuwa amefundisha darasa la tatu mpaka shule yake ilipochomwa. Alimwita Arlette “mutoto wangu” ingawa hakuwa na umri wa kumzaa, na Arlette alimwita “mwalimu”, kama walivyomwita wote pale ofisini.

Siku moja Fulgence aliingia ofisini bila kupiga hodi, akavuta kiti na kukaa mbele ya meza ya Arlette. Kofia yake ya pikipiki alikuwa bado ameishika mkononi.

“Mutoto wangu,” alisema, “nimefanya kitu kibaya sana.”

Alikuwa ametoka Nyankunde. Asubuhi ile alimsindikiza mama mmoja mzee, Bernadette, kwenda kumchukua mjukuu wake Joëlle, mtoto wa miaka saba. Wiki moja kabla ya hapo, Fulgence alikuwa amempelekea habari kwamba Joëlle ameonekana, yuko kwa familia moja kule Nyankunde. Mzee alifua kikwembe chake kizuri, akapika maandazi ya kumpelekea mtoto. Njia nzima hakunyamaza. Walipofika, mlango ulifunguliwa akatoka mtoto wa kike, msafi, amesukwa nywele kwa ajili ya siku ile. Bernadette alimtazama, akageuka kumtazama Fulgence, kisha akakaa chini palepale penye vumbi.

“Hakukuwa Joëlle,” Fulgence alisema. “Nilifungua fishi ingine. Mu telefone yangu yote iko jina moja. Fishi, fishi moja, fishi mbili, mpaka fishi makumi tatu na kitu. Siku ile mama alitambua picha ya mjukuu wake mu fishi kumi na ine. Nilipofika hapa kupiga simu, nikafungua kumi na tano. Na ule mutoto wa Nyankunde alilia kupita mama, juu walishamuambia tate yake, mama muzee, anakuya.”

Arlette alijua maneno hayo yanaelekea wapi. Wakati anaandika ukurasa hakuwa amejali faili zitajiitaje zikishashuka. Alikiachia kivinjari kichague, nacho kiliziita zote kwa jina moja na kuongeza namba katika mabano. Ukipakua leo, namba kumi na tano ni mtoto huyu. Ukifuta na kupakua kesho, namba kumi na tano ni mtoto mwingine kabisa.

“Sasa unataka nifanye nini, mwalimu?”

“Weka majina. Jina ya mutoto. Na kijiji yake, juu majina inafanana. Nikifungua telefone nione mutu, si namba.”

Joëlle wa kweli hakuwa Nyankunde. Yule wakala aliyejaza fishi ya kumi na nne alipotafutwa, alisema mtoto alikuwa ameondoka kambini pamoja na wanawake waliorudi upande wa machimbo, na hakuna aliyejua walifikia wapi.

Kazi ilimchukua Arlette siku mbili. Alidhani ingekuwa ya dakika kumi: katika skripti inayouendesha ukurasa, mahali pa kiungo cha kupakulia, unaandika jina unalolitaka na kivinjari kinahifadhi faili kwa jina hilo. Aliandika, akajaribu, na faili ikashuka na jina lake lilelile la zamani. Alirudia mara nyingi kabla ya kuelewa. Fishi zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mashine ya mbali, si palepale ulipo ukurasa, na kivinjari hakikubali ukurasa mmoja uipe jina faili inayotoka nyumba nyingine. Ilibidi skripti iende kwanza kuichukua fishi, iilete ndani ya ukurasa, iishike kama mali yake, ndipo iipe jina na kuikabidhi kwa simu. Siku ya pili, saa nne asubuhi, alibonyeza kwa simu yake mwenyewe. Simu ililia mlio mfupi, na juu ya kioo likashuka jina la mtoto, kistari, jina la kijiji. Likafuata lingine. Na lingine.

Aliyatazama majina yale yakijipanga, akaifunika simu kwa kiganja.

Katika mkoa wa Ituri jina linasema zaidi ya jina. Ukiliweka pamoja na kijiji, hakuna haja ya kuuliza tena mtu ni wa kabila gani na wa upande gani. Arlette alikuwa na miaka sita wakati wa vita vya mjini, na alikumbuka vizuri asubuhi ambayo baba yake alichuchumaa mbele yake nyuma ya nyumba, akamshika mabega na kumwambia, “Wakikuuliza jina, sema Arlette. Usiongeze lingine. Hata wakikupa kitu.” Waliulizwa mara tatu siku ile kabla ya kufika kwenye uwanja wa ndege, na mara zote tatu alisema Arlette.

Alikumbuka hayo yote akiwa na simu mkononi. Kisha akajiambia kwamba hizi ni fishi za watoto, na simu ni ya Fulgence, na Fulgence si mjinga. Mkurugenzi wao, Mama Immaculée, alipopita na kuuliza kama mambo ni sawa, Arlette alijibu, “Iko sawa, mama. Imetembea.”

Na ilitembea kweli. Mawakala waliacha kubishana na simu zao. Fulgence alifurahi kama mtu aliyerudishiwa darasa lake. Alikuja ofisini hata siku zisizo zake, akasimama nyuma ya kiti cha Arlette kuona majina mapya. Katika miezi miwili watoto kumi na mmoja walirudi kwao, na kila mmoja alipofika Fulgence alituma picha kwa Arlette, bila maneno, picha tu. Arlette alizihifadhi zote. Yale ya asubuhi ya kwanza hakumwambia mtu, na baada ya muda naye aliacha kuyafikiria.

Ilikuwa Jumanne. Fulgence alipita ofisini saa moja na nusu na motari wake, dereva wa pikipiki, kijana mtulivu anayeitwa Delphin, ambaye shirika lilimtumia kila wiki kwa njia ile. Kulikuwa na fishi mpya sitini na tatu kutoka kambi tatu. Fulgence alibonyeza “Pakua zote” akiwa amesimama mlangoni, lakini rezo ya mji ilikuwa mbaya asubuhi hiyo. Zilishuka chache, kisha kila kitu kikasimama.

“Ngojea kidogo,” alisema Arlette kutoka ndani, “nijaribu kutoka huku.”

“Hapana, mutoto wangu. Jua inapanda. Ukurasa nauacha wazi hivi, rezo ikirudi mu njia itamalizia yenyewe. Si njo vile uliitengeneza?”

Ndivyo alivyoutengeneza. Skripti yake ilikuwa na subira: mtandao ukikatika ilingoja, ukirudi iliendelea pale ilipoachia. Arlette alijivunia sana sehemu hiyo.

“Njo vile,” alijibu.

Saa tisa alasiri Delphin alirudi peke yake. Hakuingia ofisini. Aliketi juu ya ngazi za nje, pikipiki imelala ubavuni karibu naye, na Mama Immaculée ndiye aliyemwona kwanza. Walipomwuliza Fulgence yuko wapi alisema, “Wamemubakisha,” akaelekeza kidole upande wa Iga.

Watu wenye silaha walikuwa wameweka kamba barabarani, mbele ya Iga, mahali ambapo wiki iliyopita hapakuwa na kitu. Waliwashusha. Hayo yalijulikana siku ile ile, na Mama Immaculée aliwapigia simu wote aliowajua, na wote walisema watajaribu. Alhamisi wachuuzi wa mkaa waliukuta mwili wa Fulgence kwenye majani, si mbali na barabara. Simu yake haikuwepo.

Matanga yalikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Bankoko. Maturubai mawili yalifungwa kwenye mapaa ya majirani, na wanawake walikaa chini kwenye mikeka kumzunguka mke wake, Rébecca. Wanaume walikaa kwenye viti vya kukodi na kusema yale yanayosemwa. Barabara imekuwa mbaya. Ni siku yake ilifika. Hata mtu akibaki nyumbani yanamkuta. Mama Immaculée alisimama kwa niaba ya Tuonane, akasema mwalimu amekufa akitafuta watoto wa watu, akakaa.

Arlette alimfuata Delphin nyuma ya nyumba, alikokwenda kunawa mikono.

“Niambie yote,” alimwomba. “Yenye haukusema mbele ya mama.”

Delphin alikausha mikono kwa suruali. “Kwanza hawakuwa wabaya sana. Waliangalia karatasi zetu. Walisikia siye ni watu wa kutafuta watoto, wakacheka, mumoja akasema hata yeye anatafuta mama yake. Nikaona tutapita. Njo wakasema, leta telefone, fungua tuone.”

“Akafungua?”

“Angefanya nini? Akafungua. Ukurasa yenu ilikuwa pale. Sasa pale mahali, juu ya kile kilima, rezo iko nguvu kupita Bunia.” Aliinua kidole akakishusha hewani, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. “Telefone ikaanza kulia. Ti. Ti. Ti. Kila ikilia, jina inashuka juu ya kioo. Jina na kijiji. Yule mwenye alishika telefone alianza kuyasoma kwa nguvu kwa wenzake. Alisoma tano, sita. Wote wakanyamaza. Kisha akauliza mwalimu, hii liste ya watu ya upande ule, unaipelekea nani?”

“Mwalimu akasema nini?”

“Akasema, ni watoto. Akarudilia, ni watoto tu, angalia picha. Lakini hawakufungua picha. Na telefone haikunyamaza, ilikuwa inalia tu. Miye wakaniambia nigeuze pikipiki.”

Alisema hayo kama mtu anayesimulia bahati mbaya, rezo iliyorudi mahali pasipofaa. Hakujua ni nani aliyeyaweka majina yale juu ya kioo. Arlette alimshukuru, akarudi chini ya turubai, akakaa mpaka watu walipogawiwa chakula. Hakula. Kichwani alikuwa anahesabu: zilishuka chache pale ofisini, kwa hiyo zilizobaki zingekuwa zaidi ya hamsini, kila moja na mlio wake.

Alitoka matangani kabla ya wengine akaenda ofisini kwa miguu. Aliwasha kompyuta bado amevaa kikwembe cha msiba. Ule mstari wa skripti unaoziita faili kwa jina na kijiji aliufuta. Badala yake aliandika faili ijiite kwa herufi tatu na namba tano, zisizobadilika, zilizofungwa kwa mtoto mmoja siku zote, iwe umepakua leo au mwakani. Akaondoa mlio. Akaondoa ile subira pia; rezo ikikatika, kila kitu kisimame mpaka mtu mwenyewe abonyeze tena. Ilimchukua chini ya saa moja. Alipomaliza aliona kwamba lilikuwa jambo ambalo angeweza kulifanya tangu siku ile Fulgence alipokaa mbele yake na kofia mkononi. Alikuwa ameombwa jina, akatoa jina, wakati shida ya Bernadette ilihitaji tu namba isiyohamahama.

Mama Immaculée alimkuta bado amekaa. Arlette alimweleza yote, pamoja na asubuhi ya kwanza na ule woga wake.

Mama Immaculée alivuta kiti. Kisha akauliza swali ambalo Arlette hakulitegemea. “Ile simu wanayo bado?”

“Wanayo.”

“Basi wanayo majina ya watoto na wanajua kambi. Lia kesho. Leo tupige simu.”

Walipiga simu mpaka chaji ikaisha, wakaunganisha kwenye betri ya paneli ya jua wakaendelea. Kambi mbili ziliwahamisha watoto wao siku iliyofuata. Ya tatu ilisema haina mahali pa kuwapeleka. Arlette alikuwa anaipigia kila asubuhi, na kila asubuhi walimjibu kwamba wako, bado wako.

“Rébecca usimwambie,” Mama Immaculée alimwonya siku ya mazishi. “Sisemi hivyo kwa ajili ya shirika. Utajitua wewe, halafu utamtwika yeye.”

Arlette alijaribu kutii. Lakini kila aliposikia mtu anasema “barabara”, kwamba barabara ndiyo iliyomla mwalimu, aliona haya kana kwamba ameiba na mwingine anapigwa mbele yake. Wiki ya tatu alikwenda Bankoko, mchana, na kilo mbili za sukari.

Rébecca alikuwa kizingitini anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amenyolewa. Alimwonyesha Arlette kigoda na kuendelea na kazi yake.

“Mama, mimi njo natengenezaka ukurasa yenye mwalimu alikuwa anatumia.”

“Nakujua. Mutoto wake wa biro, kule ku kazi.”

Arlette alisimulia. Hakujificha nyuma ya maneno ya kompyuta. Alisema kwamba majina yalikuwa yanashuka juu ya kioo kwa sababu yeye aliyaweka yashuke hivyo, na kwamba siku aliyoyaona mara ya kwanza aliogopa, na hakusema. Mikono ya Rébecca iliendelea kutembea juu ya maharagwe, ikitoa kijiwe hiki na hiki, kisha ikapunguza mwendo, kisha ikasimama.

“Alikuwa ananisomea,” Rébecca alisema mwishowe. “Asubuhi, mbele ya kunywa chai. Jina na kijiji, jina na kijiji, sawa anaita watoto mu darasa. Miye nilikuwa namuambia, punguza sauti, majirani watasikia. Anacheka.”

Arlette aliokota kijiwe kilichoangukia karibu na mguu wake.

“Kumbe hata miye nilijua ile kitu si ya kusoma kwa sauti.” Aliutazama ungo. “Sasa weye unataka niseme nini?”

“Sijui, mama. Nilitaka ujue tu.”

“Kama nasema nimekusamehe, utaenda kulala. Kama nasema sikusamehe, utaenda kulia. Miye nitabaki hapa na haya maharagwe.” Hakuwa amepandisha sauti. “Alisema nini mbele yao? Delphin anakataa kuniambia.”

“Alisema, ni watoto.”

Rébecca aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka ndani ya ungo na hakuyafuta. Baada ya kitambo aliinuka, akachukua ile sukari, akaiweka tena miguuni pa Arlette.

“Beba. Usirudi hapa mpaka nikuite.”

Hakumwita. Mvua za Septemba zilikuja, zikaharibu barabara ya Bankoko, zikapita. Nafasi ya Fulgence ilichukuliwa na wakala mwingine, Xavier, ambaye hakuwahi kuyaona yale majina na aliona namba ni kitu cha kawaida tu. Aliziandika kwenye daftari, akazitamka moja moja kwa wazazi waliosimama mbele yake, na wazazi walitikisa kichwa bila kuelewa, wakingoja picha.

Mara moja Arlette alikutana na Rébecca sokoni, penye mafungu ya sombe, yale majani ya muhogo. Walikuwa wameshakaribiana mno kwa yeyote kupita upande mwingine. Nywele za Rébecca zilikuwa zimeanza kuota. Arlette alisimama, kikapu mkononi.

“Jambo, mama.”

“Jambo.”

Rébecca alichagua fungu lake, akaligeuza kuangalia majani ya chini, akalipa, akaondoka kuelekea kwa wauza unga. Muuza sombe akamuuliza Arlette anataka mafungu mangapi. Ilibidi amuulize mara mbili.